Kadi Ishirini na Tatu

Asubuhi umeme ulikatika tena Inalahan, kusini mwa Guam:
nyoka alipanda nguzo, akagusa nyaya mbili,
akaungua yeye, tukazimika sisi.
Feni zikasimama. Nikasema, haya,
leo somo limejileta lenyewe.

Darasa la tatu, watoto ishirini na watano.
Kwa mkasi butu wa shule nilikata kadi ishirini na nne,
kila kadi ndege mmoja: kichwa cha buluu,
koo jeupe, kifuani rangi ya mdalasini.
Chuguangguang, nikaandika ubaoni.
Wakalitamka vizuri, kwa ndimi za nyanya zao.
Jina lipo zima. Mwenye jina ndiye hayupo.

"Amekufa?" akauliza Tasi.

Nikatafuta pa kuanzia.
Kufa, mwanangu, kuna kaburi,
kuna rozari ya siku tisa na sufuria za wali mwekundu,
kuna mjukuu anayerithi pua ya marehemu.
Kutoweka ni kufa pamoja na wajukuu.

Kisha Kiko Naputi, mtundu wangu, nikamfanya nyoka.
"Wekeni kadi mezani, lazeni vichwa. Ni usiku."
Usiku wa kwanza alikula moja, akajilamba midomo;
wakacheka huku wamefumba macho.
Wa pili, mbili. Wa tatu, nne.
Wa nne, nane, na kicheko kikapungua
kama maji ya bomba yanapoelekea kukatika.
Wa tano akazoa kila alichokiona.

Akasimama katikati ya madawati, rundo mikononi.
"Sasa nitakula nini?"
Hakuna aliyecheka. Mdomo ukaanza kumtetemeka.
"Mwalimu, mimi sikujua kama zitakwisha."

Nyoka naye hakujua, nikamwambia.
Alikuja amejikunja ndani ya shehena baada ya vita,
kwenye meli zilizoleta vyuma na magurudumu,
na hakuna aliyeinua turubai akachungulia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
huyu mgeni alikuja,
na mwenyeji hakupona.

Lorena Quinata akainua mkono nusu, akaushusha, akauinua.
"Babu yangu alipakua meli bandarini."
Nyuso ishirini na nne zikamgeukia.
"Ni yeye?"

Hapo mtaala wangu uliishiwa kurasa.
Nikasema, babu yako alibeba alichoambiwa abebe.
Ningeweza kukomea hapo; kengele ilikuwa karibu.
Lakini mtoto akiuliza ukweli usimkatie kipande,
kwa hiyo nikaongeza: mikono mingi isiyojua,
na wakubwa wachache wasiouliza,
wanatosha kunyamazisha msitu.
Akaitikia kwa kichwa. Sijui alichokubali.

Tukatoka hadi ukingoni mwa miti.
"Dakika tano. Andikeni kila ndege mtakayemsikia."
Karatasi zilirudi nyeupe, ila moja:
*jogoo wa kwa akina Taimanglo.*
Tasi, asiyependa kurudisha karatasi tupu,
alihesabu tando za buibui badala yake,
akafika arobaini na moja, akachoka.
Buibui wanene, wamekaa katikati ya nyuzi zao
bila wasiwasi, kama wenye nyumba.

Saa nane nikakusanya kadi.
Ishirini na tatu.
Nikazihesabu tena, nikachungulia chini ya meza ya Kiko,
ndani ya kapu la taka, mfukoni mwangu mwenyewe.
Dirishani nikamwona Lorena akienda kwenye basi la shule,
anachechemea kidogo,
soksi ya kushoto imetuna.

Nilikuwa bado sijawaambia habari za sihek,
ndege mwingine wa kisiwa hiki,
ambaye wachache wake wa mwisho waliokotwa mapema,
wakavushwa bahari, wakatagia vizimbani,
na mpaka leo wapo.
Hilo nililiweka liwe somo la kesho.